Mhusika Anayepumua: Mwongozo Kamili wa Kumchora Mtu kwa Maneno

Chukua hadithi yoyote uliyoiandika karibuni. Tafuta mahali mhusika mkuu anapoingia kwa mara ya kwanza, kisha hesabu maneno kama mzuri, mrembo, mpole, hodari, mwenye huruma na jamaa zake. Ukiyakuta matatu au zaidi katika aya moja, mhusika huyo bado hajazaliwa. Umetoa hukumu juu ya mtu ambaye msomaji hajamwona.

Nimesoma rasimu nyingi za waandishi wanaoanza, na tatizo ninalokutana nalo mara kwa mara si uhaba wa maneno. Ni kuvitwika vivumishi mzigo wote, ilhali Kiswahili kimeweka nguvu zake kwenye kitenzi. Vivumishi vyetu vya asili ni vichache. Hebu fikiria kazi anazofanyishwa -zuri peke yake: uso mzuri, tabia nzuri, jibu zuri, usingizi mzuri, kalamu nzuri. Neno linalotumwa kila mahali hufika likiwa limechoka. Lakini ukigeukia vitenzi, unakuta ghala ambalo sijawahi kumwona mwandishi akilimaliza. Mwongozo huu unahusu namna ya kulifungua ghala hilo.

Nitamtumia mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mama fundi cherehani ambaye nuru ya macho imeanza kumpungua. Rasimu ya kwanza ya kumweleza ingeweza kuwa hivi:

"Fundi alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye uso mzuri na wa upole. Alikuwa hodari sana katika kazi yake na watu walimpenda. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuharibika, naye hakutaka mtu yeyote ajue."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Kila kitu kimesemwa na hakuna kilichoonekana.

Hatua ya 1: Jua anachotaka leo na anachokificha

Kabla ya urefu wa mtu na rangi ya nguo, jibu maswali mawili, kila moja kwa sentensi moja. Anataka nini leo? Anaficha nini? Shikilia hilo neno leo. "Anataka furaha maishani" si jibu, kwa sababu kila mtu anaitaka. "Anataka mteja aondoke kabla hajagundua" ni jibu, maana linakuonyesha mikono yake itafanya nini katika dakika tano zijazo.

Wanafunzi wa fasihi hukariri mhusika bapa, aliyejengwa kwa sifa moja tu, na mhusika duara, mwenye pande nyingi. Mgawanyo huo ulienezwa na mwandishi Mwingereza E. M. Forster katika mihadhara yake ya mwaka 1927, na kipimo alichokitoa bado kinafaa: mhusika duara ana uwezo wa kutushangaza, na tukishakwisha kushangaa tunakubali kwamba kweli, mtu huyu angeweza kufanya hivyo. Mshangao wa namna hiyo hutoka kwenye kile kilichofichwa. Fundi wetu anaficha kwamba haoni vizuri. Kuanzia hapa kila jambo dogo utakaloliandika juu yake lipimwe kwa siri hiyo. Je, linaielekea, au linaifunika? Lisilofanya lolote kati ya hayo liweke pembeni, hata kama umelipenda.

Hatua ya 2: Toa hukumu, weka ushahidi

Mkarimu, mbinafsi, jeuri, mcheshi, mwaminifu: hizi zote ni hukumu. Katika hadithi hakimu ni msomaji, na wewe ni shahidi. Shahidi hasemi "alikuwa na kiburi". Husema, "Alinyooshewa mkono wa salamu, akatazama saa."

Fanya hivi kwa vitendo. Gawa ukurasa sehemu mbili. Kushoto andika kila hukumu uliyoitoa juu ya mhusika, na kulia andika tendo moja ambalo lingemfanya mtu mwingine afikie hukumu hiyohiyo bila kuambiwa. Tendo lenyewe liwe la kupigwa picha au kunaswa kwa kinasa sauti. Kamera ikishindwa kuliona na kinasa sauti kisilisikie, bado umeandika hukumu.

Kwa fundi wetu, "hodari sana" inageuka kuwa: anapitisha dole gumba kwenye mshono na kujua ulishonwa kwa mashine au kwa mkono. "Hakutaka mtu yeyote ajue" inageuka kuwa: mlango ukilia, anauficha uzi kiganjani. Na "watu walimpenda"? Hiyo nimeifuta. Nilipoitafutia ushahidi nikakosa unaohusu siri yake, nikatambua kwamba niliiandika kwa mazoea tu.

Sisemi vivumishi vifukuzwe vyote. Kavu, bichi, embamba, refu, laini ni vya macho na ngozi, na vina kazi yake. Wanaonisumbua ni wale wanaomwamulia msomaji.

Hatua ya 3: Mpe kitenzi kinachomtosha

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine kokote.

Andika "aliingia chumbani akitembea polepole". Sasa jiulize ni nani huyo. Anayenyata hataki kusikika. Anayenyemelea hataki kusikika pia, lakini yeye ana windo. Anayejikongoja ameshikwa na umri au maradhi, na pengine ana mkongojo mkononi. Anayejikokota miguu yake mizima kabisa, ila moyo hautaki kufika aendako. Anayechechemea ameumia mguu. Anayepepesuka yuko karibu kuanguka. Wote hao "wanatembea polepole", lakini ukiwaweka katika mlango mmoja utapata watu sita na hadithi sita. Kielezi "polepole" hakina kazi tena, maana kitenzi kimekwisha kukibeba.

Macho nayo ni hivyo hivyo. Kutazama ni neno la kawaida na si baya. Ila mtu anayechungulia anajificha, anayekodoa ameshtuka au amesahau adabu, anayekazia macho ana hoja na wewe, anayepepesa ana vumbi au ana hofu, na anayemkata mwenzake jicho ameshamhukumu bila kufungua mdomo. Kuduwaa ni kutazama kwa mwili mzima uliogoma.

Kwenye kusema, nenda kwa tahadhari. Tunavyo vitenzi vingi vitamu: kunong'ona, kufoka, kubwata, kuropoka, kupayuka, kung'aka, kunung'unika, kuguna, kudakiza. Mwandishi akivigundua hushikwa na hamu ya kuvitumia vyote, na mazungumzo ya ukurasa mmoja yanakuwa na mtu anayefoka, anayeng'aka na anayebwata mfululizo. "Alisema" halichoshi, kwa sababu jicho la msomaji hulipita bila kusimama. Liache lifanye kazi mara nyingi, kisha ulete "aliropoka" pale ambapo kweli neno limemponyoka mtu na haliwezi kurudi.

Tengeneza daftari la vitenzi, na ulipange kwa viungo vya mwili badala ya kufuata alfabeti: macho, mdomo, mikono, miguu, pumzi. Unapoandika, huhitaji kutafuta neno linaloanza na herufi fulani. Unahitaji kujua mikono ya mtu huyu inafanya nini. Ukurasa wangu wa mikono una kupapasa, kutomasa, kupekecha, kukung'uta, kupangusa, kufumbata, kushika tama. Hili la mwisho nalipenda sana. Mtu aliyeshika tama huhitaji kumwandikia huzuni.

Uwe na kamusi karibu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) waliitoa kwanza mwaka 1981, ina vitenzi vingi ambavyo hatuvisikii redioni. Ila neno ulilolikuta kwenye kamusi na hujawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mtu, usilikimbize kwenye hadithi. Likalie siku kadhaa, tunga nalo sentensi, msikilizishe mtu. Likimfanya asimame na kuuliza, hadithi yako imesimama pia.

Majina ya vitu yanadai umakini uleule. Mtu hukaa ndani ya vitu vya kazi yake. "Alivaa kitu cha chuma kidoleni" ni macho ya mgeni, na "alivaa subana" ni ya fundi. Fundi wetu hawezi kusema "kile kitu", kwani ameishi na subana kidoleni tangu ujanani. Kama hujui jina la chombo, nenda kwa anayekitumia umuulize. Ukikosa kabisa, kieleze kwa kazi yake kwa maneno ya kawaida. Jina la kubuni hugundulika upesi na wenye fani.

Hatua ya 4: Nyambua

Hii ni silaha ambayo tumeizoea mno hadi hatuioni. Kiambishi kidogo mwishoni mwa kitenzi kinabadilisha uhusiano wa watu wawili. "Alimcheka" ni dharau. "Alimchekea" ni ukunjufu, na wakati mwingine ni unafiki. Tofauti ni irabu moja tu, na imekuokolea sentensi nzima ya maelezo.

Vivyo hivyo, mtu aliyeushika mkoba ameushika tu. Aliyeushikilia ana hofu ya kunyang'anywa. Aliyelia ana huzuni. Aliyelilia ana kitu alichokikosa, na msomaji atataka kujua ni kitu gani. Chumba kinachonuka na chumba kinachonukia havina mwenyeji mmoja. "Walitazama" ni watu na kitu; "walitazamana" ni watu na siri.

Na kuna kurudufu. Anayecheka ameona jambo. Anayechekacheka hana raha. Anayeuliza anataka jibu, ilhali anayeulizauliza ameshaanza kushuku. Fundi wetu, mbele ya mteja, anaweza kupapasa meza. Lakini akipapasapapasa, siri imeanza kutoka.

Jizoeze hivi: chukua kitenzi kimoja, tuseme shika, ukinyambue kadiri uwezavyo (shikia, shikana, shikilia, shikiza, shikamana, shikwa), kisha kila umbo ulitungie sentensi yenye watu wawili walewale. Sentensi zikikamilika utaona uhusiano wao umepita hatua tofauti tofauti, na pengine utagundua hadithi ambayo hukuikusudia.

Hatua ya 5: Mwache mwili umtawale

Waandishi wengi wakitaka kueleza hisia hutaja jina la hisia: aliogopa, alikasirika, alihuzunika. Hayo ni majina, na majina hayatoi jasho. Kiswahili kina muundo ambao ni kama ulitengenezwa kwa ajili ya waandishi: kiungo cha mwili ndicho kinachotenda, na mtu mwenyewe ndiye anayetendwa. Jasho lilimtoka. Nywele zilimsimama. Mate yalimkauka. Mkono ulimtetemeka. Miguu ilimwisha nguvu.

Angalia hako ka -m- katikati ya kitenzi. Mkono si wake tena, unamfanyia mambo. Linganisha "alitetemesha mkono", ambapo mtu bado ana mamlaka, na "mkono ulimtetemeka", ambapo mamlaka yamekwisha. Kwa mhusika anayeficha kitu, tofauti hii ni dhahabu. Muda wote anapojidhibiti, mfanye yeye awe mtenda: alikunja, alificha, alinyoosha, alijibu. Siri inapoponyoka, geuza sentensi, viungo vichukue usukani: sindano ilimponyoka, sauti ikamkauka. Msomaji hataona ulichofanya kwenye sarufi, lakini atasikia kwamba kitu kimeachia.

Vipo pia vitenzi vya mwili mzima vinavyostahili kutumika zaidi ya tunavyovitumia. Kunywea, kwa mfano, ni kusinyaa kwa mtu aliyekuwa na sauti kubwa muda mfupi uliopita. Kufura ni kuvimba kwa hasira. Kutahayari ni aibu inayoonekana usoni. Neno moja, na mtu amebadilika umbo mbele yako.

Hatua ya 6: Tumia hu- kuweka mazoea, kisha yavunje

Kiambishi hu- kinaeleza mazoea. "Huwaachia wateja wachague uzi wenyewe." Kwa sentensi hiyo moja tumejua kwamba fundi amefanya hivyo mara nyingi, na tumeichukulia kuwa ni heshima kwa mteja. Sasa leta li-: "Siku ile alichagua mwenyewe." Msomaji ameinuka kwenye kiti. Kwa nini leo? Kisha mteja anafika kuchukua koti lake la buluu iliyokolea, na vifungo vyote vimeshonwa kwa uzi mweusi.

Hakuna aliyesema kwamba fundi haoni. Na yale mazoea ya kuwaachia wateja wachague, tuliyoyadhania heshima, yamegeuka kuwa kitu kingine. Hivi ndivyo jambo dogo moja linavyoweza kufanya kazi mara mbili: mara ya kwanza linafunika siri, mara ya pili linaifunua. Nikiulizwa ni mbinu gani moja mwandishi aondoke nayo, nitataja hii. Tafuta zoea lenye sababu mbili, moja ya kuonekana na moja ya kufichwa, uliweke mapema na bila kulisisitiza.

Hatua ya 7: Sura, rangi na ngeli

Sura ya mtu isiandikwe kama fomu ya polisi. Urefu, uzito, rangi ya ngozi, macho, nywele: ukivipanga hivyo msomaji husahau cha kwanza kabla hajafika cha tano. Chagua kimoja au viwili ambavyo maisha yameviandika juu ya mwili: mwanya unaozibwa kwa ulimi kabla ya kutabasamu, bega moja lililoshuka kwa kubebeshwa mkoba upande uleule, ndita zilizobaki kwenye paji hata uso ukitulia. Mtu amezaliwa na pua yake; ndita amezitafuta mwenyewe.

Kuhusu rangi, tunavyo vivumishi vitatu tu vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumezipata kwa kuangalia vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, zambarau kutokana na tunda. Lugha yenyewe imetufundisha njia, kwa hiyo endelea nayo. Rangi ya kutu. Rangi ya karatasi iliyokaa juani. Rangi ya maji yaliyooshewa brashi. Hakuna sheria inayokukataza, mradi kitu unachokitaja kiwe karibu na macho ya anayetazama.

Ngeli nayo inaeleza mtazamo wa msimulizi. "Mtu yule aliketi" haina upande. "Kijitu kile kiliketi" imemdharau. "Jitu lile liliketi" imemwogopa au imemchukia. Hapo hatujamweleza anayetazamwa tu. Tumemfichua anayetazama pia. Itumie kwa kukusudia. Msimulizi akianza na "lijitu" na mwishoni akasema "yule mzee", upatanisho wa kisarufi umebeba safari yote ya moyo wake.

Kuna jambo moja ninaloliombea uangalifu wa dhati. Tabia ya zamani ya kuonyesha ubaya wa mhusika kwa kumpa chongo, kibiongo au mguu mbovu imewaumiza watu wengi, na pia ni uandishi mvivu. Ulemavu si dalili ya tabia. Ukiwa na mhusika mwenye ulemavu, mwandike kama mtu mwenye matakwa na siri kama wengine, na neno la kumtaja lichague kwa heshima. Ukitumia la dharau, msomaji aone wazi kwamba ni la mhusika fulani anayedharau.

Tanakali za sauti zinaingia hapahapa. Kimya jii, kulala fofofo, kulowa chapachapa, kutulia tuli: ni tamu, na zina uhai ambao maelezo marefu hayana. Ila zikikaribiana hugeuka makelele. Moja kwa ukurasa inatosha.

Hatua ya 8: Tashbihi itoke kwenye macho ya anayeona

Shingo ya twiga, meno meupe kama theluji, macho ya gololi, mzuri kama malaika. Zote hizi zilikuwa hai siku moja. Leo msomaji anazipita kama anavyopita jina la mtaa anaoujua. Hazimwonyeshi kitu, kwa kuwa anamaliza kuzisoma kabla hajaziona.

Njia rahisi ya kupata mpya ni kujiuliza: anayetazama anafanya kazi gani, anajua nini kwa mikono yake? Fundi cherehani akimwona kijana mwenye huzuni hatamlinganisha na maua yaliyonyauka. Ataona kijana aliyekaa kama vazi lililokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mwanagenzi wake, ambaye bado anajifunza kazi, ataona mambo kwa namna tofauti. Kwake kimya cha fundi ni kama mashine iliyosimama uzi ukiwa bado sindanoni. Tashbihi moja inaeleza watu wawili kwa wakati mmoja, anayetazamwa na anayetazama, na hapo ndipo inapolipa gharama yake.

Ukiwa na shaka, ifute. Sentensi nyingi hupona zikinyang'anywa "kama".

Hatua ya 9: Sauti yake

Wahusika wawili wakizungumza, msomaji aweze kuwatenganisha hata ukifuta majina. Usianze na lafudhi. Kuandika lafudhi kwa kuvuruga tahajia huchosha na mara nyingi hukejeli. Anza na vijineno. "Eti" husemwa na mtu anayepeleka habari asiyoiamini au asiyotaka kuibeba. "Kumbe" ni ya anayegundua. "Mbona" ina lawama ndani yake hata inapouliza. "Basi" hufunga mlango. "Yaani" ni ya mtu anayetaka aeleweke, au anayejipa muda wa kufikiri. Mpe kila mhusika kijineno kimoja anachokimbilia, na umnyime vingine.

Kisha angalia urefu. Fundi wetu anajibu kwa mkato, maana anayeficha kitu hapendi sentensi ndefu. Mwanagenzi anaanza jambo, analiacha, analirudia. Mteja anaulizauliza. Wasikilize kwa kusoma kwa sauti, na ukijikuta unawasoma wote kwa mwendo mmoja, hao ni mtu mmoja aliyejigawa.

Hatua ya 10: Kiasi, kisha kusahihisha

Mhusika anapoingia mara ya kwanza, mpe tendo moja na jambo moja la kuonekana. Vingine vije hadithi ikiendelea, kila kimoja pale kinapohitajika. Hatuwafahamu watu kwa mkupuo hata maishani.

Hii ndiyo aya niliyoipata baada ya kumpitisha fundi kwenye hatua zote hizo:

"Fundi alilamba ncha ya uzi, akaielekeza kwenye tundu la sindano, akakosa. Akalamba tena. Mlango ulipolia aliufumbata uzi kiganjani, akamnyooshea mwanagenzi sindano bila kumgeukia.

'Tunga hiyo. Nina mgeni.'

Mwanagenzi akaipokea. Ilikuwa ya saba tangu asubuhi.

Kijana aliyeingia alikuwa amelishikilia koti kwa mikono miwili. Fundi alilivuta taratibu, akapitisha dole gumba kwenye mshono wa bega, kutoka shingoni hadi mkononi, macho yake yakitazama dirishani.

'Mshono huu ni wa mkono,' alisema. 'Nani alimshonea baba yako?'

Kijana akameza mate. Hakuwa ametaja baba."

Ilinganishe na rasimu ya mwanzo. Hakuna uso mzuri, hakuna hodari, hakuna unene. Vitenzi vya fundi ni vya mtu mwenye mamlaka, isipokuwa "akakosa". Neno "saba" limefanya kazi ya aya nzima ya maelezo, na limemfanya mwanagenzi awe mtu anayejua na ananyamaza. Kijana amepewa kitenzi kimoja chenye -lia, kushikilia, na koti limekuwa zito bila kupimwa. Dirisha linaweza kusomwa kama tafakuri ya fundi, au kama macho yasiyo na kazi pale. Nimeliacha hivyo kwa makusudi.

Unaporudi kusahihisha ya kwako, pita mara tatu, na kila mara na kazi moja tu. Mara ya kwanza piga mstari chini ya kila hukumu. Mara ya pili zungushia duara vitenzi vyepesi, hasa alikuwa, alienda, aliangalia, aliweka, uamue kipi kibaki. Vingine vinastahili kubaki, kwa kuwa ukurasa wenye kila kitenzi kikali unachosha kama chumba chenye taa nyingi. Mara ya tatu soma kwa sauti, na mahali ulimi unapojikwaa weka alama bila kusimama.

Halafu mpe mtu asiyeijua hadithi aya yako ya kumwingiza mhusika, uwe umelifuta jina lake. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize mtu huyu anaficha nini.